Mtoto Asiyekohoa

Kikohozi cha Clemensi kilikuwa cha kuamsha kitongoji kizima. Kilianzia tumboni, kikapanda na mikwaruzo yake yote, kikatoka kwa mshindo uliowasimamisha hata ndama waliolala upande wa pili wa ukuta. Mwenyewe, mtoto wa miaka minne, akishamaliza kukohoa hufuta pua kwa mkono wa sweta na kuuliza kama kuna kiazi kilichobaki. Mama yake, Cresensia, hilo la kiazi hakulisikia. Alisikia kikohozi tu, na kila kilipotoka ilikuwa kama mtu amemshika moyo akauminya.

Alikuwa na sababu. Mtoto wake wa kwanza, Paskalina, alikufa kwa kifaduro kabla Clemensi hajazaliwa. Majirani walimsikia akikohoa kutoka ng'ambo ya korongo, wakaacha majembe na kutazamana. Tangu hapo Cresensia alikuwa na somo moja tu kuhusu kifua cha mtoto. Akikohoa kwa kelele, ogopa. Akinyamaza, mshukuru Mungu. Somo hilo alilipata makaburini, na somo la makaburini halisahauliki, hata kama mtu amelishika vibaya.

Walikaa kitongoji cha juu kabisa, pale mashamba ya ngano ya Karatu yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Mwezi wa saba kule juu si wa mchezo. Ukungu unashuka kutoka ukingo wa kreta alfajiri, unaingia ndani kwa watu bila kubisha hodi, na siku nyingine hauondoki mpaka saa nane. Mume wake, Damiano, alikuwa akipika kwenye hoteli moja ya watalii huko ukingoni, na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi. Waliobaki ni Cresensia, watoto wawili, na mama mkwe wake, Katarina.

Katarina hakuwa mtu mbaya, na nasema mapema ili watu wasije wakamtolea macho. Alikuwa bibi anayependa wajukuu kupita kiasi, na alikuwa na desturi za kwao. Mojawapo ilikuwa hii. Kwao Katarina, mtoto mchanga akipata mafua wakati wa baridi, alipakwa mafuta ya mkia wa kondoo kifuani na mgongoni, akaviringishwa kwenye blanketi, kisha blanketi likashonwa. Kushonwa hasa, siyo kufungwa kamba. Bibi alichukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akatia uzi wa katani, akashona kuanzia kidevuni mpaka magotini. Uso ulibaki nje, na miguu ilibaki nje ili abadilishwe nepi. Uzi haukuguswa mpaka mafua yaishe. Katarina mwenyewe alishonwa na mama yake, naye akawashona wanawe wote, akiwemo Damiano ambaye sasa alikuwa anainua gunia la ngano peke yake. Nani angebisha?

Safari hii aliyeshonwa alikuwa Bibiana, mtoto wa miezi mitano. Blanketi lenyewe lilikuwa jeupe na zito, Damiano alipewa hotelini lilipochomwa na pasi pembeni. Miaka ile blanketi la namna hiyo kwenye duka la ushirika ulikuwa unalisikia kwenye maneno ya watu tu, kwa hiyo Bibiana alikaa ndani yake kama bibi harusi. Siku ya kwanza alikohoa kidogo. Baadaye akaacha. Cresensia akafanya ishara ya msalaba, akaielekeza hofu yake yote kwa Clemensi.

Asubuhi ya siku tunayoizungumzia, alimpa Bibiana titi. Mtoto alilishika, akavuta mara moja, akaliachia na kugeuza uso. Katarina alikuwa amempa maziwa ya ng'ombe usiku, basi Cresensia akajua ameshiba. Vitundu vya pua ya mtoto vilikuwa vikipanuka na kusinyaa, vikipanuka na kusinyaa, bila kupumzika. Cresensia alicheka. Akamwambia mkwe wake amtazame Bibiana, kasikia harufu ya viazi. Wanawake wawili wakacheka pamoja pale kwenye moshi wa jiko, na mtoto akawatazama kwa macho ya mtu mzima aliyechoka.

Kisha Clemensi akakohoa mpaka akatapika uji. Hapo Cresensia hakungoja tena. Alimfunga mgongoni ingawa mtoto alikuwa mzito, miguu ikining'inia mpaka kwenye mapaja yake, akasema anakwenda zahanati. Katarina alikubali, ila Bibiana abaki. Njia inateleza, upepo ni mkali, na mtoto amelala vizuri, hata hakohoi. Cresensia aliinama akambusu kipaji. Kilikuwa cha moto. Alidhani ni joto la blanketi.

Zahanati ilikuwa chini, karibu na barabara kubwa, mwendo wa kukufanya magoti yatetemeke. Foleni ilikuwa ndefu. Wengi walikuwa wake za vibarua wa mashamba ya kahawa, watu wa Singida na Dodoma ambao baridi ya Karatu iliwaonea kuliko sisi, kila mmoja na mtoto mwenye makamasi mawili yaliyonyooka. Clemensi alipokohoa, foleni nzima iligeuka. Mama mmoja alimvuta mwanawe pembeni. Cresensia aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga, kwa maana ndivyo walivyokuwa wakimtazama Paskalina.

Nesi wa pale aliitwa Nashipai, mwenyeji wa Soitsambu kule Loliondo, mrefu, mchache wa maneno, na maneno yenyewe hayakuwa na sukari. Alimvua Clemensi sweta na shati, kwenye baridi ile ile, akamsimamisha karibu na dirisha. Cresensia akadhani anataka kumuua. Nashipai hakugusa kitu. Aliangalia kifua tu, muda mrefu, kama mtu anayeangalia ng'ombe sokoni kabla ya kuuliza bei. Halafu akaweka sikio, akamwambia mtoto akohoe, na Clemensi, ambaye hakuwahi kuombwa jambo hilo maishani, akakohoa kwa moyo wote.

Nashipai akasema ni mafua. Yamemkaa kooni na yatatoka yenyewe. Ampe chai ya moto yenye asali, amwondoe karibu na moshi, amwache akohoe.

Cresensia aliomba sindano. Nesi akasema hakuna sindano ya mafua. Cresensia aliomba tena, sauti ikaanza kupasuka, akasema alishamzika mmoja wa kifaduro kwa kelele hizi hizi na hayuko tayari kumzika wa pili kwa kuwa serikali inabania dawa. Foleni nje ikasogea mlangoni isikilize. Nashipai aliacha alichokuwa akiandika, akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso naye.

"Yule wa kifaduro nakupa pole, Mama Clemensi. Ile ilikuwa kelele nyingine," alisema. "Lakini hii siiogopi. Mtoto anayekohoa hivi ana nguvu za kutoa uchafu kifuani. Mimi namwogopa yule asiyekohoa."

Akamweleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha Kimaasai. Kuna nimonia, akasema. Hii haiko puani wala kooni, imeingia kwenye mapafu yenyewe, na mapafu yanajaa. Mtoto mkubwa atakohoa na kulalamika. Mtoto mchanga hana nguvu za mambo mawili, kwa hiyo nguvu zote anazipeleka kwenye kuhema. Anahema mbiombio. Sehemu ya chini ya kifua, hapa chini ya mbavu, inadidimia ndani kila anapovuta pumzi, badala ya kutoka. Anaweza kuguna kidogo kila akitoa pumzi. Titi analikataa, si kwamba ameshiba, ila hawezi kunyonya na kuhema kwa pamoja. Na pua zinapanuka, zinatafuta hewa.

"Pua," Cresensia alisema. "Pua zinafanyaje?"

Nashipai alimwonyesha kwa pua yake mwenyewe. Ikapanuka, ikasinyaa. Ikapanuka, ikasinyaa.

Cresensia aliliona jiko la asubuhi, moshi, mkwe wake akicheka, yeye mwenyewe akicheka. Maneno yalimtoka bila mpango: yuko mwingine, nyumbani, miezi mitano, kakataa titi, tulimcheka. Nashipai alisimama kabla hajamaliza. Akasema mwache huyu hapa, nitamwangalia, wewe kimbia. Kuna mama anakaribia kujifungua chumba cha pili, siwezi kuondoka. Umlete, na umlete kifua kikiwa wazi umwone njia nzima.

Basi alikimbia. Anayeijua ile njia atasema mtu hakimbii kupanda kule, lakini yeye alikimbia. Kandambili zilikatika kwenye kona ya kwanza akaziacha. Ukungu ulikuwa umerudi, mzito, na kila kitu alichokijua maisha yake yote kilikuwa kimeondoka: nyumba za watu, miti, mlima. Zilibaki hatua chache za udongo mwekundu mbele ya miguu yake. Alisali Salamu Maria akaisahau katikati, akaanza upya, akaisahau pale pale. Aliogopa. Hakuna neno lingine zuri zaidi. Aliogopa mpaka meno yakamwuma.

Karibu na mpaka wa msitu alisikia mtu anahema.

Akasimama. Pumzi ilikuwa nzito, ya kwenda na kurudi, mbele yake ndani ya weupe. Halafu harufu ikamfikia, ya matope na majani yaliyotafunwa, akajua kwamba huyo si mtu. Nyati huwa wanatoka msituni wakati wa ukungu kuja kwenye ngano, na kila mtu wa kitongoji kile ana ndugu au jirani wa kusimulia. Huyu alikuwa kwenye njia hasa. Hakumwona. Alimsikia tu, akivuta hewa na kuitoa kwa nafasi, mnyama mwenye mapafu kama magunia mawili, na hewa yote ya dunia ikiwa yake.

Akili ilimwambia arudi nyuma. Ukimkuta nyati unarudi, unangoja, hata mchana kutwa, hivyo ndivyo watu wa pale wanavyobaki hai. Cresensia alisimama, amebana pumzi, na katika kubana pumzi kule ndipo alipoelewa kwa mwili wake kitu alichoambiwa kwa maneno. Kifua kilianza kumwuma. Masikio yakavuma. Hivi ndivyo alivyo mwanangu, alifikiri, tangu juzi, na amefungwa, na sisi tunamwambia alale.

Akaacha njia. Aliingia kwenye ngano ya jirani, mbichi, imelowa, ikimfika kiunoni, akazunguka kwa kuikanyaga ovyo, na masuke yalipopiga kelele alisikia ile pumzi ikikatika, mnyama akisikiliza. Hakugeuka. Kitu kizito kilipiga udongo kwa kwato, mara moja, kisha kimya. Alitokea upande wa pili kwenye mlango wake mwenyewe, amelowa, bila kujua kama alikuwa amefukuzwa au la.

Katarina alikuwa ameketi karibu na moto, Bibiana mapajani. Aliweka kidole mdomoni.

"Amelala. Tena anaimba usingizini, sikiliza."

Cresensia akasikiliza. Ulikuwa mguno, mdogo, mfupi, kila pumzi ilipotoka. Mh. Mh. Mh. Nesi alikuwa amesema utakuwepo.

Akaomba kisu. Katarina aliuliza cha nini, na alipoona mkwe wake anauangalia uzi, alimkumbatia mtoto na kugeuka upande. Alisema mambo mengi, na yote yalikuwa ya mapenzi. Kwamba baridi itamwingia. Kwamba leo ni siku mbaya kuliko zote. Kwamba blanketi la Damiano litaharibika. Kwamba aliwashona watoto wote na Damiano yule kule anatembea. Cresensia hakuwahi kumjibu Katarina vibaya tangu aolewe, na siku ile pia hakumjibu. Alichukua kisu cha kumenyea viazi kutoka kwenye sufuria, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, akaanza kukata uzi kidevuni pale pale mapajani mwa bibi, mmoja baada ya mwingine. Ncha ilikuwa karibu na shingo ya mtoto. Katarina, kwa kuogopa asimkate mtoto, akalazimika kutulia.

Blanketi likafunguka. Harufu ya mafuta ya kondoo na jasho ikatoka.

Kifua cha Bibiana kilikuwa kinakwenda kwa kasi ambayo kifua hakistahili kwenda, na chini ya mbavu, kila alipovuta, nyama ilididimia ikaacha shimo ambamo ungeweza kuweka punje nzima ya haragwe. Linaingia, linatoka. Linaingia, linatoka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kazi yote ile ilikuwa ikifanyika chini ya blanketi, siku mbili, huku wao wakimsifu kwa utulivu.

"Yesu wangu," Katarina alisema, na mikono yake ikaanguka pembeni.

Cresensia alimtia mtoto ndani ya gauni lake, ngozi kwa ngozi, akafunga kanga juu yake, akaacha upenyo wa kumwonea. Akatoka. Njia ya kushuka ilikuwa mbaya kuliko ya kupanda, maana sasa alikuwa na kitu cha kuangusha. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akafungua, akatazama shimo lile. Kitu kile kibaya ndicho alichokuwa akikitafuta kwa macho, kwa sababu kikiendelea mtoto bado anahema. Mara moja hakikwenda. Alimtikisa, akampulizia usoni, akamwita jina, akamwita na la Paskalina bila kujua, na kifua kikaanza tena. Habari za nyati hakuzikumbuka mpaka alipokwishapita pale.

Nashipai alimpokea mlangoni. Hakumgombeza, na hilo lilimtisha Cresensia kuliko lolote, kwa maana nesi yule aligombeza kila mtu. Alichemsha sindano, akampiga ya penisilini pajani, na Bibiana hakulia. Sindano ile inaliza watu wazima. Cresensia alimtazama nesi, nesi akatazama pembeni. Kisha akasema ukweli: hospitali ni mbali, na gari la shamba la kahawa lililokuwa likibeba wagonjwa halina petroli wiki ya pili. Atampiga nyingine usiku na nyingine alfajiri. Cresensia amshike akiwa ameinuliwa kidogo, amkamulie maziwa na kumdondoshea kwa kijiko, tone tone, na asiache kuangalia kifua.

Jioni Katarina aliingia. Alikuwa ameshuka peke yake na fimbo yake, mwanamke wa umri ule, kwenye ukungu ule, na kwapani alibeba blanketi jeupe. Alilikung'uta. Nyuzi zote za katani zilikuwa zimetolewa, hata vile vipande vidogo vinavyong'ang'ania kwenye sufu. Cresensia alifikiri atasikia maneno. Badala yake bibi alikaa chini sakafuni, akavua kitambaa cha kichwani akakipangusia macho, akasogeza uso karibu na mtoto.

"Nionyeshe," alisema. "Unaangalia wapi?"

Cresensia akamshika kidole akakiweka chini ya mbavu za Bibiana, bila kukandamiza. Katarina akakiacha pale. Aliangalia kama anavyoangalia tundu la sindano, jicho moja amelifumba. Walipokezana hivyo, mmoja akisinzia mwingine akitazama, na kwenye mkeka miguuni pao Clemensi alikohoa, akakohoa, akakohoa, na kwa mara ya kwanza sauti ile haikumfanya mama yake ageuze kichwa.

Kulipokucha alikuwa amesinzia yeye, ameegemea ukuta. Aliota Paskalina. Kikohozi kilimwamsha.

Kilikuwa kidogo, chenye maji, cha kukwaruza. Alisema kwa mazoea, bila kufungua macho, kwamba mtu amfunike Clemensi. Cresensia akafungua macho. Clemensi alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, na kiazi cha mtu mwingine mkononi.

Kikohozi kikatoka tena, na safari hii aliuhisi mtikisiko wake kwenye mkono wake mwenyewe. Bibiana alikuwa amekunja uso, mwekundu, mwenye hasira. Akakohoa mara ya tatu, kohozi likamtoka, akavuta hewa, na akalia, kilio kikubwa kibaya cha mtoto anayedai chake. Kwenye foleni nje watu waligeuka. Katarina alikuwa amefunika mdomo kwa viganja viwili.

Cresensia alifungua gauni. Mtoto alilishika titi, akanyonya, akaliachia ili aheme, akakohoa, akalirudia. Chini ya mbavu shimo bado lilikuwepo, lakini lilikuwa dogo. Nashipai alikuja na sindano ya tatu kwenye kisahani, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Mwache akohoe," alisema.

Cresensia alilia mpaka maziwa yakamwagika kwenye kanga.